Nyumba Iliyoanza na Tangi la Kamongo

Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza katika hoteli ya Erina, pale Kasese karibu na stesheni ya reli, hakuona kwanza meza wala birika kubwa la chai. Aliona mkono wa gauni. Mkono wa kulia wa gauni la Erina ulikuwa umelowa mpaka juu ya kiwiko, na ule wa kushoto ulikuwa mkavu, umepigwa pasi vizuri. Mgeni alidhani mama amejimwagia maji kwa bahati mbaya, akampa pole. Erina akaipokea pole, akamwekea sahani ya ugali wa muhogo na maharage, kisha akarudi nyuma ya kaunta na kuuzamisha mkono uleule majini tena.

Humo majini alikuwamo kamongo.

Watu wanaoishi karibu na maziwa ya upande ule wanamjua sana samaki huyu. Ni mrefu, mnene kama mkono wa mtu wa kazi, ana macho madogo na mapezi membamba kama nyuzi, na kila baada ya muda hupanda juu kuvuta hewa kama binadamu. Wanaume waliipenda nyama yake kupita kiasi. Wanawake hawakuila. Ukiuliza kwa nini, uliambiwa kwamba ndivyo ilivyo, na ukiuliza tena uliambiwa una maneno mengi.

Erina alizaliwa Karambi, lakini utotoni alikaa miaka kadhaa kwa shangazi yake huko Kayanzi, kando ya Ziwa Edward. Alijifunza kumpika kamongo kabla hajajua kusuka mkeka. Alimkata, akamkaanga, akamtia nyanya na chumvi, akawapelekea wanaume uani, halafu akarudi jikoni kula maharage yake na harufu ya samaki ikiwa bado mikononi. Hakulalamika. Alikua, akaolewa na Yosamu, ambaye alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe na kurudi nyumbani siku za Jumamosi. Akafungua hoteli, akawapikia kamongo wasafiri na askari, na bado hakulalamika.

Ilikuwa mwaka 1967, asubuhi moja, alipokuwa akimwaga kikapu cha samaki alichoshushiwa na mchuuzi. Chini kabisa, chini ya ngege waliokwisha kufa, kitu chembamba kama penseli kilifungua mdomo, kikavuta hewa, kikaufunga. Kilikuwa kimekaa kikapuni njia nzima bila tone la maji, na bado kilikuwa hai. Erina alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamimina peremende zilizokuwa katika chupa kubwa ya kaunta, akaijaza maji, akakitia ndani.

Wa kwanza kumwona alikuwa Sajini Ojara, polisi kutoka kaskazini, ambaye alikunywa chai pale kila asubuhi kabla ya zamu.

"Mama Erina, hii iko kidogo sana," alisema, akiinamia chupa. "Ngojea ikue kwanza, halafu uniite."

"Huyu haliwi, afande."

"Samaki haliwi? Sasa kazi yake nini? Iko askari?"

"Ndiyo. Analinda sukari yangu. Nimekuona umetia vijiko vinne."

Watu wakacheka. Ojara naye akacheka, lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo. "Kamongo ni ya kula, mama. Mungu aliumba hivyo."

Hapo ndipo Erina alipojibu maneno ambayo baadaye yalirudiwa katika kambi ya polisi na hata katika nyumba za wachimbaji kule Kilembe. "Tangu utoto mmeniambia nisimle, nami sikumla. Sasa huyu mmoja simpiki. Mtu hawezi kuniambia nisionje, halafu akaniamuru niwashe moto."

Basi kamongo akabaki. Alilishwa minyoo, konokono na vipande vya maini, na akala kana kwamba ana deni na njaa. Miezi michache tu ikapita, akawa amejikunja ndani ya chupa kama kamba iliyotiwa mfukoni, na kila alipotaka kupumua alilazimika kujikunjua pande kwa pande. Erina akamwita fundi Tsongo.

Tsongo alikuwa mtu wa Bwera, mpakani, seremala na mwashi kwa pamoja. Alitengeneza vitanda, milango, mizinga ya nyuki, na zaidi ya vyote majeneza, kwa maana kazi hiyo haikosi wateja. Akalaza kamba kando ya chupa, akamkadiria samaki toka kichwa hadi mkia, akaongeza shubiri moja, akaenda. Alirudi na sanduku zuri la mvule lenye kioo mbele, lililozibwa kwa lami kila pembe. Lilipendeza mno. Wageni walileta wake zao kulitazama, na hoteli ikajaa kuliko wakati wowote.

Kabla ya mvua za pili, kamongo alikuwa amejikunja tena kama kiwiko. Pua yake ilikuwa na kidonda kwa kujigonga kwenye kioo. Ojara, ambaye hakuamini kwamba samaki mwenye macho madogo kiasi kile anaweza kuwa na hasira, aliingiza kidole ili amnyooshe. Alikitoa kwa ukelele uliosikika mpaka stesheni.

"Imenikula! Mama, samaki yako imekula serikali!"

"Wewe ulitaka kumla yeye," Erina alisema, akimfunga kidole kwa kitambaa. "Amekutangulia tu."

Alipomaliza kumfunga, akampelekea Tsongo salamu aje upesi.

"Mama, mimi nilipima vizuri," Tsongo alijitetea. "Urefu wa mutu, juu yake shubiri moja. Hivyo ndivyo tunapimaka siku zote."

"Urefu wa mtu gani, fundi?"

"Ya marehemu."

Erina akaweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. "Marehemu hakui, Tsongo! Umemtengenezea samaki wangu jeneza, na mimi nikakushukuru."

Kosa hilo lilimwingia Erina moyoni, maana lilikuwa lake pia. Yeye ndiye aliyesimama pale akitazama kamba ikilazwa, akaona shubiri moja kuwa ni ukarimu. Tangu siku hiyo aliacha kumpima samaki aliyemwona, akaanza kumpima samaki atakayekuja. Alikumbuka kamongo mmoja wa Kayanzi aliyebebwa begani na kijana mrefu huku mkia ukiburuta mchangani. Yule ndiye aliyemfikiria sasa, wala si huyu wa urefu wa mkono.

Lakini kioo cha ukubwa huo hakikupatikana. Kwa wakati huo alinunua pipa la mafuta, akalisugua kwa majivu na mchanga, Tsongo akalipasua kwa urefu. Kamongo akapata mahali pa kujinyoosha. Hata hivyo pipa lilipata kutu, wageni walilazimika kuchungulia kutoka juu, na maji yalivujia sakafuni. Sakafu hiyo ilikuwa ya Mzee Mugenyi, mwenye nyumba, aliyekuwa na duka la nguo mlango wa pili.

Mugenyi hakuwa mtu mbaya. Alikuja kistaarabu, akavua kofia, akakaa, akanywa chai yote kabla ya kusema.

"Erina, binti yangu, ukuta wa duka langu umelowa. Vitambaa vinaota ukungu."

"Nimeona, mzee. Natafuta namna."

"Namna ipo. Mwezi ujao kijana wangu anaoa. Wakwe wanatoka Fort Portal, watu wakubwa. Nipe samaki huyo nikawakaribishe naye. Ukuta utakauka, nasi tutakaa kwa amani kama zamani."

"Nitatafuta tangi jingine."

"Kubwa kuliko hili?"

"Kubwa zaidi sana."

Mugenyi akaweka kikombe chini. "Ndani ya nyumba yangu? Hapana. Mwisho wa mwezi pipa litoke, au utoke wewe. Nyumba ni yangu."

"Na samaki ni wangu," Erina alisema. "Tutatoka wote wawili."

Jumamosi Yosamu alipotoka Kilembe alikuta sufuria zimefungwa kwa kamba. Alikula polepole. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye desturi ya kuyatafuna maneno yake kwanza.

"Mrudishe ziwani," alisema mwishowe. "Si lazima aliwe."

"Nikimrudisha ziwani, nyavu zitanirudishia kwenye kikapu. Safari hii nitamkuta amekufa, na atakuja mtu kuniambia nimpike. Tuna kiwanja Bwera, kando ya barabara ya Mpondwe. Ulisema tutajenga utakapostaafu."

"Nilisema nitakapostaafu."

"Basi najenga sasa, wewe ukistaafu utakuta chai imeiva."

"Unaniacha Kilembe kwa sababu ya samaki?"

"Sikuachi, baba. Ninakutangulia."

Yosamu akacheka bila kutaka, na mtu akishacheka hivyo hawezi tena kukataa kwa uso mkavu.

Ilibaki shida ya kumsafirisha na kumweka. Bwera hapakuwa na tangi bado, na pipa lililojaa maji lisingefika salama kwa barabara ile. Erina akakumbuka wakati wa kiangazi kule Kayanzi, jinsi watu walivyokwenda na majembe kwenye kinamasi kilichokauka, wakalima kama wanaochimba viazi, wakafukua kamongo waliolala ndani ya udongo. Walikuwa hai. Basi akajaza pipa matope ya kinamasi, akaacha maji yapungue kidogo kidogo. Samaki alihangaika, kisha akaanza kuchimba kwa kichwa. Akazama. Matope yakaganda juu yake, pakabaki tundu dogo la kupumulia lisilozidi kidole. Pipa likapakiwa kwenye lori kati ya magunia ya chumvi ya Katwe. Dereva aliuliza mle ndani mna nini, na alipoambiwa, alivuta breki ya mkono akashuka kutazama mwenyewe. Hakuona kitu ila udongo, akapanda tena akitikisa kichwa.

Bwera, Tsongo alikuwa amekwisha kuleta mawe ya msingi.

"Tunaanza na pembe ya mbele," alisema.

"Tunaanza na samaki," Erina alisema.

"Mama, miye niko mutu wa kujenga nyumba. Nyumba inaanza na nyumba."

"Mara ya kwanza tulimtafutia samaki nafasi ndani ya mambo yetu. Tuliona ilikwendaje. Safari hii tangi kwanza, meza zitapata mahali pake, na sisi tutapata pa kulala. Leta vigingi."

Tsongo akapigilia vigingi vinne. Safari hii alikusudia kuwa mkarimu: aliacha urefu wa futi saba na upana wa futi mbili, na akapendekeza kina cha kisima, maana samaki, alisema, anataka kina. Erina alikataa kina. Kamongo wake hulala chini, hupanda kupumua, hushuka. Ukimchimbia kisima unamzidishia ngazi tu. Alichotaka ni nafasi ya kugeuka. Akatazama vigingi, akamtazama mumewe, aliyekuwa amepata likizo na kuvaa shati lake jeupe.

"Yosamu, lala hapo kati."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mrefu. Ndiye samaki mzima."

Barabara ile haikosi watu. Ilikuwa siku ya soko la Mpondwe, na wanawake waliobeba ndizi walisimama wote wakamwona mfanyakazi wa mgodi akilala vumbini, mikono ubavuni, miguu imenyooshwa.

"Geuka sasa, kichwa kije kilipo miguu. Usikunje magoti. Kamongo hana magoti."

Yosamu akajizungusha kwa kutambaa. Miguu yake ikagonga kigingi, kikaanguka.

"Unaona, fundi? Sogeza."

"Mama Erina, unamupimia bwana kaburi?" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka barabarani.

"Kaburini hakuna nafasi ya kugeuka, mama. Hapa ipo. Geuka tena, Yosamu."

Vigingi vikasogezwa mara nyingi. Tsongo alipoona upana sasa unalingana na urefu wa mtu, na urefu unafika karibu mara mbili ya hapo, alishika kiuno.

"Hii ni chumba cha kulala! Samaki yako iko na urefu wa mukono!"

"Ndiyo, leo."

"Na kama haikui?"

"Atakuwa na nafasi ya kucheza. Akikua na tangi likawa dogo, wewe utakuja kunivunjia nyumba? Jenga, Tsongo."

Akajenga. Tangi likainuka peke yake katikati ya kiwanja, kuta za matofali zilizopigwa saruji ndani, likafika usawa wa kifua, na upande mmoja likaachiwa dirisha. Kioo kizito kiliagizwa Kampala, kikaja kwa treni hadi Kasese, na Yosamu alisafiri nacho kutoka huko ndani ya lori, amekikumbatia katika mablanketi kama mgonjwa. Kuta za nyumba zilijengwa baadaye kulizunguka tangi, kwa hiyo chumba cha kulia kilitokea na umbo la ajabu, kipana upande huu na chembamba upande ule. Wapita njia walikiita kwa majina mengi. Erina aliyajua yote, na aliyekiita kwa jina la kejeli alijibiwa kwa kuulizwa kama atakunywa chai.

Saruji mpya ina ukali unaoua samaki. Erina alijaza tangi, akatumbukiza vigogo vya migomba, akayaacha maji hadi yakageuka, akayamwaga, akajaza tena. Kazi hiyo ilikula majuma. Wakati wote huo pipa lilikaa kivulini nyuma ya nyumba, udongo wake umepasuka kama ukoko wa ugali.

Kila asubuhi Erina aliinama na kuweka sikio juu ya tundu. Mwanzoni alisikia kitu kama mguno wa mtoto usingizini. Baadaye hakusikia tena. Hakumwambia mtu, hata Yosamu. Alijua kwamba wale waliofukuliwa Kayanzi walikuwa wakubwa na wenye mafuta, na wake alikuwa mdogo, amesafiri kwenye lori, na kiangazi kilikuwa kimerefuka. Tangi lilisimama pale, zuri, pana, tayari, na wilaya nzima ilijua limejengwa kwa ajili ya nani.

Sajini Ojara, aliyekuwa amehamishiwa kituo cha mpakani, alikuja kunywa chai siku hoteli ilipofunguliwa. Kidole chake kilikuwa na kovu, naye alilionyesha kwa kila mtu kama nishani. Akazunguka tangi lenye maji matupu, akaenda nyuma, akagonga pipa kwa rungu.

"Mama, mimi sasa nasema kama rafiki. Hii samaki imekufa zamani. Unalinda matope."

"Acha kugonga. Amelala."

"Kama imekufa, je?"

Watu mezani waliweka vikombe chini. Hata Tsongo, aliyekuwa akiweka bawaba mlangoni, alishusha nyundo.

"Kama amekufa," Erina alisema, "nitamtoa mwenyewe, nitamtia nyanya na chumvi, nitaketi katika meza ile ya mbele milango ikiwa wazi, nami nitamla. Mimi, mwanamke. Ninyi mtakula maharage. Kisha nitakwenda Kayanzi kutafuta mwingine, kwa sababu tangi halivunjwi."

"Yesu," alisema Ojara kwa sauti ndogo, akarudi kwenye chai yake.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, walipitia kwa Erina badala ya kwenda nyumbani. Hakuna aliyewaalika. Yosamu na Tsongo walivunja udongo wa pipa kwa jembe, polepole, wakiubomoa pembeni, mpaka likabaki pande moja lenye ukubwa wa mto wa kulalia. Erina akawaondoa wote. Akapiga magoti, akalipasua pande lile kwa mikono. Ndani palikuwa na kitu kilichojikunja mara mbili, mkia umefunika macho, kimevikwa ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, kavu kama karatasi ya sukari.

"Haitikisiki," mtu alisema.

"Hajaguswa na maji bado," Erina alimjibu.

Maji ya tangi yalikuwa yamepunguzwa hadi kimo cha vidole vitatu. Akapanda ngazi, akaingia ndani ya tangi kwa miguu mitupu, amevaa gauni lake la kanisani, akakilaza kile kitu sakafuni, mbele ya kioo, mahali ambapo kila mtu angeona. Kilikaa kama kilivyowekwa. Ile ngozi ya nje ilianza kulainika, ikatoka vipande vipande, vikaelea. Chini yake palikuwa na ngozi nyingine, nyeusi, yenye utelezi.

Povu dogo likapanda.

"Ona! Imepumua!" alisema Ojara, ambaye pua yake ilikuwa imegusa kioo.

"Ile ni hewa ya matope," Tsongo alisema. "Hata tofali linafanyaka hivyo."

"Wewe nyamaza, fundi wa majeneza."

Povu la pili likapanda, baada ya muda mrefu. Halafu hakuna. Mtu mmoja alianza kuvuta kiti aende zake. Erina, bila kugeuza kichwa, alimwambia akae, chai inakuja. Yosamu akaja na ndoo, akauliza kwa macho. Erina akatikisa kichwa kukubali, na maji yakaanza kumiminwa taratibu ukutani ili yasimshtue. Yakapanda vifundoni mwake, yakaupita mgongo ule uliojikunja. Kichwa cha kamongo kilikuwa sasa chini ya maji kabisa. Kama yu hai, ingembidi aje juu kuvuta hewa. Hakuna namna nyingine. Erina alisimama katikati ya tangi pana alilolipima kwa mwili wa mumewe, mikono kiunoni, akitazama uso wa maji mbele ya miguu yake.

"Mimina, Yosamu," alisema. "Mimina tu."